Ukitoa kwa Wakfu wa Jamii Marekani, Dai Punguzo Lako la Kodi

Mwaka 2003 bunge la jimbo la Iowa lilipitisha sheria inayoitwa Endow Iowa. Kwa sheria hiyo, anayetoa dola 1,000 kwenye mfuko wa kudumu wa wakfu wa jamii unaotambuliwa na jimbo anaweza kupunguziwa dola 250 kwenye kodi yake ya jimbo. Kentucky, North Dakota, Montana na Maryland nazo zina sheria za namna hiyo, kila moja na viwango na masharti yake.

Ninawaandikia wasemaji wa Kiswahili wa Marekani kwa sababu wengi wenu mnaishi humo humo. Wako Wakongo na Warundi wa Des Moines, Cedar Rapids na Waterloo. Wako wa Louisville na Lexington, ambako watoto wanaozungumza Kiswahili nyumbani wamejaa shuleni. Wako waliopelekwa Fargo na Missoula kama wakimbizi na sasa wana nyumba zao, na wako Wakenya wa Baltimore na vitongoji vyake. Watu hawa wanachanga: msiba ukitokea, bahasha zinazunguka kabla jua halijatua. Lakini michango hiyo karibu yote hutolewa ikatumika ikaisha. Mwongozo huu unahusu mchango wa aina nyingine, ule unaobaki, na namna ya kutoacha mezani pesa ambazo jimbo limeahidi kukurudishia.

Wakfu wa jamii unafanya nini

Wakfu wa kwanza wa jamii ulianzishwa Cleveland, Ohio, mwaka 1914, na mwanabenki Frederick Goff. Wakati ule matajiri walikuwa wakiacha wosia wenye masharti magumu, na mambo waliyoyafadhili yalipopitwa na wakati fedha zilikaa bila kazi. Goff alitaka fedha za wengi ziwekwe pamoja chini ya watu wa mji wenyewe, wanaoweza kuzielekeza upya mahitaji yakibadilika. Leo kuna mamia ya taasisi kama hiyo nchini kote, na karibu kila wilaya ina moja inayoihudumia.

Mfuko wa kudumu ndani ya wakfu huo haugusi msingi. Fedha zinawekezwa katika hisa na hati fungani, na kila mwaka sehemu ndogo, kwa kawaida asilimia 4 hadi 5 ya thamani ya mfuko, inatolewa kama ruzuku au ufadhili wa masomo. Iowa imeiandika asilimia 5 katika sheria kuwa kikomo cha juu. Kwa aliyekulia Lamu, Mombasa au Unguja hili halihitaji maelezo marefu, maana ameona nyumba na mashamba ya minazi yaliyowekwa wakfu, kodi na mazao yake yakiendesha msikiti au madrasa vizazi baada ya vizazi.

Mbona jimbo lijinyime mapato yake kwa ajili ya mifuko hii? Chanzo kiko mashambani. Mkulima wa Iowa au Montana anakufa akiwa na ardhi ya thamani kubwa, na watoto wake walikwisha hamia Chicago, Minneapolis au Denver. Ardhi inauzwa, fedha zinaondoka, na mji mdogo unabaki na maktaba isiyo na paa zima na kikosi cha zimamoto kinachotegemea karamu za kuchangisha. Montana iliuona mkondo huo mapema. Gavana Marc Racicot aliunda kamati ya kulishughulikia jambo hilo, na punguzo la kodi la jimbo likaanza 1997. Lengo lilikuwa kushika angalau sehemu ya mali kabla haijavuka mpaka. Elewa hivyo, na masharti mengi utakayokutana nayo hayatakushangaza. Ndiyo maana Iowa inataka mfuko unufaishe Iowa, na fedha za kujenga zahanati Uvira, Kongo, haziingii hata kidogo. Ndiyo maana pia jimbo halitoi punguzo kwa fedha zinazotumika mwaka huo huo.

Punguzo si makato

Hapa ndipo watu wengi wanapochanganya mambo, na wapo watayarishaji kodi wa msimu wanaochanganya pia. Kodi inaweza kupungua kwa njia mbili.

Mkenya aliyewahi kusoma hati yake ya mshahara anazijua zote mbili. Kuna unafuu wa kibinafsi wa shilingi 2,400 kwa mwezi: kodi inakokotolewa kwanza, kisha shilingi 2,400 zinaondolewa kwenye kodi yenyewe. Mchango wa NSSF unakwenda kwa njia nyingine. Huondolewa kwenye mshahara kabla kodi haijakokotolewa, kwa hiyo unachookoa ni ile sehemu tu ambayo ingetozwa kodi. Sheria ya Endow Iowa ni ya aina ya kwanza. Dola 250 zinaondoka kwenye kodi unayodaiwa, dola kwa dola. Hii nitaiita punguzo. Ile ya pili, inayoshusha mapato kabla ya hesabu, nitaiita makato. Serikali kuu ya Marekani hutoa makato kwa sadaka, ila majimbo niliyoyataja hutoa punguzo, na thamani yake ni kubwa zaidi sana kwa familia ya kipato cha kati.

Jambo moja linalowaumiza watu: mapunguzo haya hayarejeshwi taslimu. Kama kodi yako ya jimbo ni dola 180 na punguzo ni 250, kodi inashuka hadi sifuri, na jimbo halikuandikii hundi ya dola 70 zilizobaki. Iowa na Kentucky zinakuruhusu kuzihamishia miaka inayofuata, hadi miaka mitano. Kabla hujatoa, fungua fomu yako ya kodi ya mwaka uliopita, utafute mstari wa kodi ya jimbo uliyodaiwa, si ile uliyokatwa kazini wala ile uliyorudishiwa, na uiandike pembeni. Namba hiyo ndiyo kipimo chako.

Soma sheria ya jimbo lako, si ya jirani

Iowa. Unatoa kwanza, kisha unaomba punguzo, na wakfu wenyewe utakusaidia kujaza ombi kwa Mamlaka ya Maendeleo ya Uchumi ya jimbo. Usilaze ombi. Jimbo linatenga kiwango fulani kwa mwaka, na kwa miaka mingi kilikuwa dola milioni 6 kwa watoaji wote. Anayewahi ndiye anayepata, na kiwango kikiisha, waliochelewa huingia kwenye foleni ya kusubiri. Bunge linaweza kukibadili kiwango hicho, kwa hiyo swali la kwanza kumuuliza mtu wa wakfu ni kama fedha za mwaka huu bado zipo. Faida ya Iowa ni kwamba wilaya zake zote 99 zina wakfu unaostahili, au tawi lake. Mtu wa Storm Lake halazimiki kwenda Des Moines. Kumbuka pia kwamba mchango uliotumika kudai punguzo hauwezi kutumika tena kama makato kwenye kodi ya jimbo la Iowa.

Kiwango cha kodi ya mapato Iowa ni asilimia 3.8 tangu 2025. Familia yenye mapato yanayotozwa kodi ya dola 50,000 inadaiwa takriban dola 1,900. Punguzo la dola 250 litatumika lote mwaka huo huo.

Kentucky. Hapa mpangilio umegeuzwa, na ukiukosea unapoteza haki yako. Unaomba kibali kwanza Idara ya Mapato ya jimbo, kupitia wakfu. Ukikubaliwa, una siku 30 za kutoa fedha. Aliyetoa kabla ya kibali hana lake. Dirisha hufunguliwa Julai 1, mwaka mpya wa fedha wa jimbo unapoanza, na fedha zilizotengwa ni chache kiasi kwamba maombi hujazwa mapema na kuwekwa tayari kwa asubuhi ile. Punguzo ni asilimia 20 ya mchango, na kikomo kwa mlipa kodi mmoja ni dola 10,000 za punguzo. Ukiwa Louisville au Lexington na unataka kutoa mwaka huu, ongea na wakfu mwezi Mei, usingoje Julai.

North Dakota. Asilimia 40! Kiwango hiki kinavutia kuliko vyote, na ndiyo sababu nakuomba ukae kidogo hapa. Mtu binafsi lazima atoe angalau dola 5,000 ndani ya mwaka, na kikomo cha punguzo ni dola 10,000, au 20,000 kwa mume na mke wanaojaza fomu pamoja. Dola 5,000 zikirudisha 2,000, nani atakataa? Tatizo liko kwenye kodi yenyewe. Tangu mageuzi ya 2023, mume na mke ambao mapato yao yanayotozwa kodi hayakuzidi dola 74,750 walitozwa asilimia sifuri, na ngazi hiyo hupandishwa kidogo kila mwaka kufuata bei. Hayo ni mapato baada ya makato ya kawaida (kiasi maalumu ambacho mlipa kodi anaruhusiwa kukata bila kuorodhesha chochote), kwa hiyo familia ya Fargo inayopata hata dola 100,000 kwa mishahara miwili huenda haidaiwi chochote na jimbo. Punguzo la asilimia 40 la kodi ambayo haipo ni sifuri. Familia kama hiyo isitoe dola 5,000 kwa kuvutwa na punguzo. Itoe kiasi chochote inachokimudu, kwa sababu inaipenda kazi ya mfuko ule.

Montana. Mtu binafsi hapati punguzo kwa kuandika hundi ya kawaida. Lazima afanye kile wanachokiita zawadi iliyopangwa: kwa mfano, unaukabidhi wakfu fedha au mali moja kwa moja bila haki ya kuzirudisha, nao unakulipa kiasi fulani kila mwaka hadi ufe, kisha kinachobaki kinaingia mfuko wa kudumu. Sehemu inayohesabiwa kuwa zawadi ndiyo inayopata punguzo la asilimia 40, hadi kikomo cha jimbo. Biashara ndiyo inayoweza kutoa hundi ya moja kwa moja, na inapata asilimia 20. Kwa kifupi, kijana wa Missoula mwenye kibarua hahusiki sana, ila mwenye duka la vyakula vya Kiafrika au kampuni ndogo ya usafi anahusika.

Maryland inatoa asilimia 25 kwa michango kuanzia dola 500, na fedha zilizotengwa kwa mwaka ni ndogo mno kwa jimbo lenye watu wengi kiasi kile. Wahi. Kama uko Texas, hakuna kodi ya mapato ya jimbo, kwa hiyo hakuna cha kupunguza.

Hesabu ya serikali kuu

Mwaka 2017 serikali kuu iliweka kikomo cha dola 10,000 kwa kodi za majimbo zinazoweza kukatwa. Baadhi ya majimbo yalijaribu kukikwepa kwa kuzigeuza kodi kuwa "michango" yenye punguzo kubwa. Wizara ya Fedha ikajibu kwa kanuni iliyokamilishwa 2019, nayo ikawapata hata watoaji ambao hawakukwepa chochote. Kanuni inasema hivi: punguzo la jimbo likizidi asilimia 15 ya mchango, lazima ulitoe kwenye kiasi unachokata upande wa serikali kuu. Mapunguzo ya majimbo yote matano niliyoyataja yanazidi 15.

Chukua mume na mke wa Waterloo. Wanatumia makato ya kawaida, kama familia nyingi zifanyavyo, na wako ngazi ya asilimia 12. Kuanzia 2022 hadi 2025 mtu wa namna hii hakupata chochote upande wa serikali kuu kwa sadaka. Kuanzia mwaka wa kodi wa 2026 anaruhusiwa kukata michango ya fedha taslimu hadi dola 1,000 kwa mtu mmoja, au 2,000 kwa wanandoa. Wakitoa dola 1,000, Iowa inawapunguzia 250. Zinazobaki ni 750, na asilimia 12 yake ni dola 90. Mchango wa dola 1,000 umewagharimu dola 660. Angalia lakini aina ya mfuko. Makato haya mapya hayahusu fedha zinazowekwa kwenye mfuko ambao mtoaji mwenyewe anaushauri wakfu zigawiwe nani. Chagua mfuko wa jumla wa wilaya, au wa shabaha maalumu.

Sasa wale wanaoorodhesha makato yao moja moja badala ya kutumia yale ya kawaida, tuseme wauguzi wawili wa Iowa City wenye mkopo wa nyumba na mapato ya dola 150,000, wakiwa ngazi ya asilimia 22, na makato yao tayari yamepita makato ya kawaida. Wanatoa dola 10,000. Punguzo la Iowa ni 2,500. Zinabaki 7,500. Kuanzia 2026 kuna kizingiti kipya: nusu ya asilimia moja ya mapato haihesabiwi, ambayo kwao ni dola 750. Wanakata 6,750 na kuokoa 1,485. Gharama halisi ya mchango ni dola 6,015. Mkumbusheni mhasibu jambo moja ambalo husahaulika. Zile dola 2,500 zilizopunguzwa zinaruhusiwa kuhesabiwa kama kodi ya jimbo mliyolipa, mradi hamjafikia kikomo cha kodi za majimbo, ambacho kilipandishwa hadi dola 40,000 kwa 2025. Asipofanya hivyo mtapoteza makato ya dola 2,500 bila sababu.

Wazee waliofikisha miaka 70 na nusu wanaweza kuhamisha fedha moja kwa moja kutoka akaunti ya kustaafu kwenda kwenye wakfu bila kutozwa kodi. Njia hiyo ni nzuri sana peke yake. Kuichanganya na punguzo la jimbo ni hatari, kwa sababu sheria ya uhamisho huo inataka mchango wote uwe sadaka isiyorudisha faida kwa mtoaji. Mzee wetu achague moja kati ya hizo mbili, au apate jibu la maandishi la mhasibu kabla ya kudai zote.

Kikundi kikichanga

Hili ndilo ninalolitilia moyo kuliko yote, kwa sababu nguvu yetu iko kwenye kuchanga pamoja.

Tuseme familia kumi za Cedar Rapids zinataka mfuko wa masomo kwa vijana waliohitimu sekondari. Kila familia inatoa dola 50 kwa mwezi, yaani 600 kwa mwaka. Kwa pamoja ni 6,000, na baada ya miaka minne ni 24,000 kabla ya kuhesabu faida ya uwekezaji. Mfuko wa dola 25,000 ukitoa asilimia 4 unatoa dola 1,000 kila mwaka, mwaka huu na mwaka ambao watoto wa watoto wao watakuwa wanaomba kujiunga na chuo. Na kila familia, ikiwa ina kodi ya jimbo ya kutosha, imepunguziwa dola 150 kwa mwaka.

Njia ya kuyapoteza hayo yote ni rahisi na ni ile tuliyoizoea. Mweka hazina anakusanya, anaweka kwenye akaunti ya chama, mwisho wa mwaka anaandika hundi moja kwa wakfu. Risiti itatoka kwa jina la chama. Familia kumi hazina ushahidi wa kutoa kitu, na hakuna hata moja itakayopata punguzo. Kila familia ilipe wakfu yenyewe, kwa hundi yake au kadi yake, na ipokee risiti kwa jina lililo kwenye fomu yake ya kodi. Kazi ya mweka hazina ibaki kukumbusha na kuweka kumbukumbu. Na ahadi haihesabiwi. Kinachohesabiwa ni fedha zilizokwisha kutoka mkononi.

Chama kisichosajiliwa na serikali kuu kama shirika la hisani kinaweza kuanzisha mfuko wa namna hii, kwa sababu mfuko ni mali ya wakfu, si ya chama. Kinachoandikwa ni makubaliano yanayoeleza jina la mfuko na shabaha yake. Hapo lazima muelewane mapema kuhusu mambo mawili. Kwanza, fedha hazirudi. Chama kikigawanyika kesho, na vyama vyetu hugawanyika, hakuna upande utakaochukua nusu yake. Mimi naiona hiyo kuwa heri: ni fedha pekee ya jumuiya ambayo ugomvi hauwezi kuila. Pili, hamuwezi kuwachagulia watoto wenu. Waliotoa hawaruhusiwi kuitawala kamati ya kuchagua wanafunzi, na vigezo lazima viwe wazi kwa kundi pana, kwa mfano wahitimu wa wilaya ambao lugha ya kwanza nyumbani si Kiingereza. Mwakilishi wenu mmoja au wawili kwenye kamati ni sawa.

Maswali ya kuuliza kabla ya kutia sahihi

Piga simu, au nenda. Wafanyakazi wa taasisi hizi wamezoea kuongea na matajiri, lakini kazi yao ni kumhudumia kila mtoaji, na ukiuliza maswali sahihi utajibiwa sawasawa.

Uliza kama wamethibitishwa chini ya Viwango vya Kitaifa vya wakfu za jamii, maana majimbo mengine hayatoi punguzo bila uthibitisho huo. Uliza kiwango cha chini cha kuanzisha mfuko wenye jina. Hutofautiana sana, na mara nyingi ni maelfu kadhaa ya dola, ingawa wengi hukuruhusu kukifikia polepole kwa miaka michache. Uliza ada ya mwaka. Mfuko unaotoa asilimia 4 na kutozwa ada ya asilimia 2 unahitaji faida kubwa ya uwekezaji ili usisinyae, kwa hiyo hilo si swali la adabu mbaya. Uliza pia wanafanya nini masoko yakianguka: wanasimamisha ruzuku, au wanaendelea? Mwisho, uliza neno kwa neno: "Je, mfuko huu hasa unastahili punguzo la jimbo?" Wakfu mmoja huwa na mifuko ya kudumu na mifuko ya kutumika pamoja, na ukitoa kwenye ule usio wa kudumu hupati chochote.

Kwa familia nyingi ningeshauri msianze na mfuko wenye jina lenu. Tieni kwenye mfuko uliopo tayari unaofanya jambo mnaloliamini, kama mfuko wa jumla wa wilaya, wa maktaba au wa kliniki. Punguzo ni lile lile, na fedha zinaanza kazi mara moja.

Hisa, mahindi na ardhi

Ukiwa na hisa zilizopanda bei, na umezishika zaidi ya mwaka mmoja, usiziuze. Zihamishe zilivyo. Hutozwi kodi ya faida, na mchango unahesabiwa kwa thamani ya siku hiyo. Kwa mfanyakazi aliyenunua hisa za kampuni yake kidogo kidogo kwa miaka, hii ni bora kuliko hundi.

Iowa hupokea hata nafaka. Mkulima anahamisha umiliki wa mahindi au soya yaliyo ghalani kwa jina la wakfu kabla ya kuuzwa, na wakfu ndio unaouza. Ardhi na nyumba pia hupokelewa, ila hapo huwezi kwenda bila mwanasheria na mthamini.

Karatasi na tarehe

Kwa mchango wa dola 250 au zaidi lazima uwe na barua ya wakfu inayotaja kiasi na kusema kama ulipewa kitu chochote badala yake. Iwe mkononi kabla ya kupeleka fomu ya kodi. Hundi iliyotumwa kwa posta Desemba 31 ni ya mwaka huo, hata ikifika Januari, na kadi inahesabiwa siku ilipotozwa. Mali isiyo fedha inayozidi dola 500 ina fomu yake, na ikizidi 5,000 inahitaji uthaminishaji, isipokuwa hisa zinazouzwa sokoni. Cheti cha punguzo kutoka jimboni kiwekeni pamoja na hati za uraia na za nyumba, si kwenye simu peke yake, kwa sababu Iowa na Kentucky salio linaweza kutumika hadi miaka mitano mbele.

Mwambie mtayarishaji kodi wako kwa maneno: "Nina punguzo la jimbo la mchango kwa wakfu wa jamii." Usimpe tu risiti na kunyamaza. Akiliingiza kama sadaka ya kawaida, punguzo limepotea.

Sheria hizi hufutwa

Michigan ilikuwa na punguzo lake: nusu ya mchango, hadi dola 100 kwa mtu mmoja na 200 kwa wanandoa. Kiasi hicho ni kidogo, lakini kwa maoni yangu hiyo ndiyo iliyokuwa sheria bora kuliko zote, kwa sababu mwalimu na dereva waliipata sawa na mwenye kiwanda. Ilifutwa katika mageuzi ya kodi ya 2011, na tangu 2012 haipo. Mifuko iliyokwisha kujengwa nayo ingali ipo na ingali inatoa.

Katika majimbo yanayotenga kiwango cha mwaka, fedha huenda kwa aliyefika mapema, na anayefika mapema kwa kawaida ni yule mwenye mhasibu wa kumkumbusha. Hakuna sheria inayosema lazima iwe hivyo. Aliye Iowa na aupigie simu wakfu wa wilaya yake Januari. Aliye Kentucky apige Mei. Uliza kama fedha za mwaka zipo, uliza mfuko upi unastahili, na umwombe mtu mmoja wa jumuiya yako apige nawe.